Nguo ya Bluu Kwenye Majani

Bibi ndiye aliyenitatulia tatizo la rangi, na hakujua hata kama kuna tatizo. Nilikuwa nimekaa barazani kwake na tableti mapajani, nimeshabadilisha rangi ya manyoya mara kumi na kitu. Nikizidisha bluu, mhusika wangu anakuwa kama ndoo ya plastiki. Nikipunguza, anakuwa paka wa jikoni, yule anayezungukazunguka sufuria za dagaa. Bibi akapita, akachungulia, akauliza, "Mbona umempaka majivu?" Nikamweleza kwamba natafuta rangi ya katikati, isiwe ya anga wala isiwe ya jivu. Hakujibu kitu, akaenda zake kuanua nguo. Aliporudi alikuwa na kaniki yake begani, ile ya shambani, iliyofuliwa miaka na miaka mpaka weusi ukakimbia, ukabaki ubluu uliochoka, kama una vumbi ndani yake. Nikaipiga picha hapohapo begani. Bibi akadhani nampiga yeye, akajiweka sawa.

Mhusika mwenyewe ni msichana mwenye masikio na mkia wa chui milia. Ni wa gemu la simu tunalolitengeneza watu watatu, usiku, baada ya kazi zinazotulipa. Mmoja ni developa, mmoja anaandika hadithi, mimi nachora. Mchezaji anazunguka misitu ya dunia na kukutana na wanyama waliogeuka watu kwa mtindo wa anime: macho makubwa, nywele zenye rangi ya manyoya, mavazi yenye alama za ngozi ya mnyama. Wazo hilo si letu, tusijisifu bure. Wajapani walishalifanya na Kemono Friends, mradi uliotokana na dhana ya mchoraji Mine Yoshizaki, ukawa gemu la simu mwaka 2015 na katuni ya televisheni mwaka 2017. Nyota wa katuni ile anaitwa Serval. Serval ni mondo. Ndiyo, mondo huyuhuyu wetu, mwenye miguu mirefu na masikio kama vijiko, anayelaaniwa vijijini kila kuku akipotea. Kuna watoto Osaka wanaomjua mondo kuliko watoto wa Mbagala. Jambo hilo liliniudhi kama wiki nzima, kisha likanichekesha, kisha likanipa kazi: kama wao wamemchora mnyama wetu, na mimi nitamchora wa kwao.

Nikamchagua chui milia, ambaye ni mgeni kabisa porini kwetu. Hata jina tumempa la kuungaunga. Kiswahili kilimtazama kikasema huyu ni chui, ila ana milia. Wengine wakamtazama wakasema huyu ni simba, wakamwita simbamarara. Mnyama mmoja, tumemgawana kati ya jirani zetu wawili, na yeye si chui wala si simba. Mimi nimezoea chui milia, nitaendelea hivyo.

Ugomvi ulianza kwenye nyota.

Magemu ya aina hii yanaendeshwa na kitu kinachoitwa gacha. Ni kama zile biskuti za utotoni zenye zawadi ndani: unalipa, unafungua, unamwomba Mungu. Wahusika wa kawaida wana nyota 2 au 3 na utawapata mpaka wakuchoshe. Wa nyota 5 ni wachache, na hao ndio wanaowafanya watu wamalize salio. Developa wetu akasema chui milia wangu ni lazima awe wa nyota 5, kwa hiyo ni lazima awe mweupe. "Dada, mweupe ndiye anayeuza." Hakukosea. Hata kwenye Kemono Friends chui milia mweupe yumo.

Nikaenda kumsoma huyo mweupe kwa nia njema ya kumchora. Nikarudi sina hamu.

Tarehe 27 Mei 1951, katika misitu ya Rewa huko India ya kati, Maharaja Martand Singh alikuwa kwenye uwindaji. Jike mmoja aliuawa, na miongoni mwa watoto wake mmoja alikuwa mweupe. Akakamatwa hai, akawekwa kwenye kasri la Govindgarh, akaitwa Mohan. Alipokua akapewa mke wa rangi ya kawaida, Begum. Walizaa mara tatu, na watoto wote wakatoka na rangi ya chungwa. Mtu mwingine angesema basi, Mungu hakupanga. Wao wakamchukua Radha, binti wa Mohan mwenyewe, wakamweka na baba yake. Tarehe 30 Oktoba 1958 wakazaliwa wanne, wote weupe. Mmoja wao, Mohini, mwaka 1960 alipelekwa mpaka Washington kuwa kivutio cha bustani ya wanyama. Na weupe wengi waliotapakaa kwenye bustani za dunia leo wana damu ya Mohan.

Kwa nini Begum hakufaa? Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Peking walionyesha kwamba weupe huo unatokana na badiliko dogo kwenye jeni moja, yaani chembe ya urithi, inayoitwa SLC45A2. Badiliko hilo linazima wekundu na unjano wa manyoya, lakini giza la milia linapita. Ili mtoto atoke mweupe ni lazima alirithi badiliko hilo kwa baba na kwa mama, wote wawili. Mnyama mwenyewe hana ubaya wowote kwa hilo. Ubaya ni wa wenye haraka: ukitaka weupe wengi kutoka kwa babu mmoja, utawaozesha ndugu kwa ndugu, na kila kilichojificha kwenye ukoo kitatoka pamoja na rangi. Kuna na habari ya macho. Neva za macho ya chui milia mweupe hazipiti njia ya kawaida kwenda kwenye ubongo, na baadhi wana makengeza. Mwaka 2011 chama cha bustani za wanyama cha Marekani kiliwazuia wanachama wake kuzalisha wanyama kwa makusudi ili tu wapate rangi adimu. Ilikuwa zaidi ya miaka hamsini baada ya Radha.

Nikamwambia developa sawa, namchora mweupe, lakini namchora na makengeza. Akacheka akidhani natania. Nikamtumia mchoro uliokamilika: macho ya bluu, makengeza, milia ya kahawia iliyoiva, mrembo kabisa kwa jicho langu. Akajibu baada ya saa mbili. "Dada, huyu nani atamlipia?" Basi. Alimtaka mweupe bila ukoo wake. Mchoro ule bado ninao, na siku moja nitamtafutia gemu lenye adabu.

Wa dhahabu sikukaa naye sana. Ni mzuri, milia yake ni kama mdalasini, lakini tayari kuna wasichana wa anime wenye nywele za dhahabu wa kujaza uwanja wa Mkapa. Mweusi alinivutia kidogo zaidi. Si mweusi kweli. Milia yake imenenepa mpaka imelimeza chungwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 na wanasayansi wa Bangalore na wenzao uliigundua jeni inayohusika, Taqpep, ileile inayompa paka wa nyumbani mabaka mapana badala ya mistari myembamba. Wanaishi hifadhi ya Simlipal, jimbo la Odisha huko India, na huko zaidi ya theluthi moja ya chui milia wako hivyo. Yaani ukivuka mpaka wa hifadhi, nyota 5 zinashuka zinakuwa 2! Sababu yenyewe haichekeshi: wamebaki wachache, wamezingirwa, hawana wa kuchanganyika nao.

Ndipo nikafika kwa wa bluu.

Septemba 1910, mkoa wa Fujian, pwani ya kusini mashariki ya China. Harry Caldwell, mmisionari Mmethodisti kutoka Marekani, mtu ambaye bunduki haikukaa mbali na Biblia yake, amejificha akimvizia chui milia. Msaidizi wake anamgusa, anamwonyesha upande mwingine. Caldwell anatazama, anaona mtu. Mtu amevaa ile nguo ya bluu iliyopauka, vazi la kila siku la wanavijiji wa huko, ameinama, anachuma majani. Hakuna cha ajabu. Anageuka kuendelea na shughuli zake. Msaidizi anang'ang'ania: ni chui huyo. Caldwell anatazama tena, safari hii kwa makini, na juu ya ile nguo anaona kichwa kikubwa cha chui milia. Alichodhani ni nguo kilikuwa kifua na tumbo la mnyama.

Hakupiga risasi. Watoto wawili walikuwa bondeni wakikusanya majani, na mnyama alikuwa anawatazama wao. Caldwell akajisogeza kutafuta pembe ambayo risasi isingewafikia watoto. Alipomaliza kujisogeza, mnyama hakuwepo.

Rangi aliieleza vizuri, kama mtu aliyeitazama kweli. Mwilini alikuwa na ule ubluu wa kijivu ambao Wamarekani wanauita "maltese", kwa jina la paka wa rangi hiyo, na tumboni ulikuwa umekoza zaidi, karibu na bluu kali. Milia ilikuwa imekaa sawasawa kama ya chui milia wa kawaida. Mwaka 1916 alirudi porini kumtafuta akiwa na Roy Chapman Andrews wa Makumbusho ya Historia ya Asili ya New York, mtu mzoefu wa safari za kukusanya wanyama. Hawakumpata. Mwaka 1924 Caldwell akatoa kitabu, akakiita kwa jina la mnyama wake, Blue Tiger. Ngozi haikupatikana. Picha haikupatikana. Mpaka leo hakuna hata unyoya mmoja kwenye droo ya makumbusho ambao mtu anaweza kuuweka mezani akasema huyu hapa.

Unaweza kusema mzee aliona vivuli. Lakini rangi yenyewe haina muujiza. Paka wa nyumbani wanayo, na jeni yake inajulikana tangu 2006, inaitwa MLPH. Inapoharibika, chembe za rangi kwenye unyoya hazitawanyiki sawasawa, zinakusanyika mafungumafungu, na jicho letu linasoma weusi ule kama bluu ya moshi. Jirani yangu ana paka wa hivyo. Kivulini ni kijivu tu. Jua la saa kumi likimpiga ubavuni, unaona milia imejichora chini kwa chini, kama maandishi yaliyofutwa ubaoni vibaya.

Lakini kilichonifanya niiweke kalamu chini hakikuwa jeni. Wiki tatu nilikuwa nahangaika namna ya kumgeuza chui milia kuwa msichana wa katuni, nianzie wapi, masikio yatokee wapi, mkia upite wapi. Na huyu bwana wa 1910 alikuwa ameshamwona hivyo: mtu kwanza, mnyama baadaye. Hakuhitaji Mjapani wala tableti. Jicho lake lenyewe lilimvisha mnyama nguo.

Nikafuta kila kitu nikaanza upya.

Mchora anime hufundishwa mapema kutenganisha. Mstari shingoni unaonyesha ngozi imeishia wapi na nguo imeanzia wapi. Kwa huyu niliutoa. Vazi lake ni la mkulima wa Fujian, legelege, mikono mipana, na rangi ya vazi ni rangi ya manyoya, ileile ya kaniki ya bibi, sikubadilisha hata tone. Huwezi kuonyesha kwa kidole mahali kitambaa kinapoishia. Milia nimeichora kama mikunjo: ukiwa mbali unaona nguo ya mtu aliyeinama, ukikuza picha unaona kwamba mikunjo inaendelea mpaka kwenye vifundo vya mikono, na vifundo havina mikunjo ya namna hiyo. Nyuma ya kila sikio nimeweka doa jeupe, kwa sababu chui milia wanalo, na wachoraji wengi hulisahau kwa kuwa wamezoea kuchora kutoka mbele. Huyu utamwona kwanza kwa nyuma.

Halafu mboni. Naomba niseme hili kwa niaba ya wote wanaoumia kimyakimya kama mimi: mboni ya chui milia ni ya duara. Si mstari wa wima. Mstari ni wa paka wa nyumbani. Kila nikimwona msichana chui milia mwenye macho ya paka wa dukani, naipisha, natulia, naendelea na maisha yangu.

Mwandishi wetu naye akapata moto. Akaamua kwamba mchezaji akishamwona huyu, kila mhusika mwingine atakayesimuliwa atakataa. "Uliona mtu anachuma mboga." Hata mwindaji wa kijijini, hata mganga. Hakuna zawadi wala sarafu, hakuna nguvu mpya vitani. Unabaki na ulichokiona.

Developa akauliza, "Sasa nyota ngapi?" Tukabishana siku mbili kwenye simu. Nikamwambia aache pale wazi, maana mnyama ambaye hajulikani kama yupo, uadimu wake unaupimaje? Akaacha wazi. Gemu likagoma kufunguka. Kumbe programu inapofika kwenye orodha ya wahusika ni lazima ikute namba, isipoikuta inakata roho. Akaweka 0. Kwa hiyo mhusika adimu kuliko wote tulionao ana nyota 0, na watu wawili waliotusaidia kujaribu wametuandikia kwamba kuna hitilafu, tuirekebishe. Jina tumempa Nili, kwa sababu ya rangi. Mimi nilipendekeza Kaniki, nikapigiwa kura mbili kwa moja.

Kuna kitu kimoja mwandishi alitaka kukitia, nami nikakataa: mwisho ambapo Nili anaongoza kundi la wenzake wa bluu kutoka msituni. Wenzake wepi? Chui milia wa kusini mwa China, wale ambao wataalamu waliwaita amoyensis kwa jina la zamani la bandari ya Xiamen, wanakadiriwa kuwa walikuwa kama 4,000 mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kisha serikali ikawahesabu kama wadudu waharibifu, na wawindaji wakahimizwa kuwamaliza. Marufuku ya kuwinda ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1970, na porini walikuwa wameshakuwa wa kutafutwa kwa tochi. Leo wanaojulikana wako kwenye vizimba na hifadhi za kuzalishia. Wachache walifika hata bara letu: Septemba 2003 watoto wawili, Cathay na Hope, walipelekwa Afrika Kusini kufundishwa kuwinda, na wenzao wakafuata kwenye shamba la hifadhi la Laohu Valley, jimbo la Free State. Laohu ni neno la Kichina la mnyama huyuhuyu. Kwa hiyo nikisema yeye ni mgeni porini kwetu, niweke nyota ya pembeni hapo, ndogo.

Na Oktoba 2007 kulikuwa na kisa cha Shaanxi, jimbo la China. Mkulima mmoja alitoa picha alizosema amempiga chui milia wa kusini akiwa porini. Maofisa wa misitu wa jimbo wakaita waandishi wa habari, nchi nzima ikashangilia. Wakati huohuo watu mtandaoni wakaanza kuuliza mbona mnyama hageuzi kichwa picha baada ya picha. Mwezi uliofuata mtu akaona bango la ukutani, lile la kupamba nyumba mwaka mpya, lina chui milia yuleyule, mlia kwa mlia. Juni 2008 mamlaka zikakiri kuwa picha ni za kughushi. Nimezitazama mara nyingi kuliko inavyofaa. Karatasi imeegemezwa kwenye majani, na majani ni ya kweli kabisa. Kama mchoraji sina la kusema, maana na mimi kazi yangu ni karatasi kwenye majani.

Wiki iliyopita nilimpa mtoto wa jirani simu ajaribu. Ana miaka saba, hasomi maelezo, anabonyeza tu. Akapita msitu wa kwanza mbio, akapita mto, akafika kwenye bonde nililolichora kwa siku nne. Majani marefu, ukungu kidogo, na upande wa kushoto kitu cha bluu kimeinama. Akampita. Akaenda mpaka mwisho wa bonde, akakuta njia imefungwa, akarudi.

"Shangazi, huyu mama anachuma mchicha?"

"Sijui. Muulize."

Akabonyeza. Pale kuna sekunde moja na nusu ambayo hakuna kinachotokea. Developa alitaka kuifupisha, nikamkatalia. Mtoto akadhani simu imeganda, akaisogeza karibu na uso wake kuangalia vizuri, na kichwa kikainuka.